Eti Mmarekani Hana Subira

Kuna hoja moja isiyokauka kwenye vibanda vya kutazamia mpira hapa Juja, kuanzia Gachororo hadi Juja Farm: Mmarekani hana subira, ndiyo maana akaitupa kriketi ya Mwingereza akashika besiboli. Hoja hiyo ina ndugu yake wa hapa nyumbani, kwamba kriketi ni ya Wahindi na haiko katika damu ya Mwafrika. Zote mbili ni upuuzi, na huo wa pili umetugharimu.

Tuanze na subira. Timu ya ligi kuu ya besiboli hucheza mechi 162 kwa msimu, kabla hata ya mtoano. Mechi moja humeza karibu saa tatu, na muda mwingi watu wamesimama tu wakimtazama mrushaji akirekebisha kofia. Kriketi ya ova 20 huchukua muda uo huo. Hiyo haraka iko wapi?

Tena Wamarekani hawakuikataa kriketi. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya mchezo huo ilichezwa New York mwaka 1844, Marekani dhidi ya Kanada. Shida ni kwamba kriketi hutaka ardhi iliyosawazishwa na kushindiliwa, na klabu zenye ardhi hiyo, kama St George's ya New York, zilikuwa maskani ya Waingereza waliotaka kubaki Waingereza. Besiboli ilichezwa kwenye konde lolote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vikawachanganya vijana kambini, wakarudi nayo makwao. Na Harry Wright, aliyeiongoza Cincinnati Red Stockings mwaka 1869, timu ya kwanza kuwalipa wachezaji wake hadharani, alizaliwa Sheffield, Uingereza, na alikuwa mchezaji wa kriketi wa St George's hiyo hiyo. Damu yake tuihesabu ya nani?

Taifa likishapenda mchezo hujitungia nasaba. Mwaka 1907 tume iliyochochewa na Albert Spalding, muuza vifaa vya michezo, iliamua kwamba besiboli ilibuniwa na Abner Doubleday kijijini Cooperstown mwaka 1839. Wanahistoria waliitupa hadithi hiyo zamani. Sisi bado tunaimeza, kisha tunaiita tabia ya taifa.

Kama ni damu, Juja ingekuwa imejaa besiboli. Shamba la Juja lilikuwa la William Northrup McMillan, Mmarekani wa St. Louis, na Theodore Roosevelt alifikia hapo mwaka 1909. Baadaye chuo chetu kikuu, JKUAT, kilijengwa kwa msaada wa Japani, nchi inayoipenda besiboli kuliko karibu mchezo mwingine wowote. Wajapani waliipata wapi? Mwalimu Mmarekani, Horace Wilson, aliwafundisha wanafunzi wake Tokyo mwaka 1872. Jirani zetu wa Uganda walijengewa viwanja, na mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakaenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Huko Juja shambani McMillan alikuwa na simba wa kuwinda na wageni wa kuwakirimu. Vijana wa Thika na Ruiru hawakuwa wageni hao.

Kriketi yetu nayo? Mwaka 1996 mjini Pune, Kenya ya Maurice Odumbe iliwafunga West Indies kwa mikimbio 73, Brian Lara akiwemo. Mwaka 2003 tuliifunga Sri Lanka hapo Nairobi, Collins Obuya akiangusha wiketi tano, tukafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Tazama majina: akina Obuya watatu, akina Tikolo watatu, akina Suji wawili. Mpenda damu atarukaruka hapo. Lakini kaka mkubwa aliyeingia klabu ndiye aliyembeba mdogo wake. Mtoto asiye na kaka ndani alibaki nje ya ua. Klabu zenyewe, Aga Khan, Sikh Union, Sir Ali Muslim, zilijengwa kwa misingi ya jamii na dini, na serikali haikujenga mbadala shuleni. Kizazi kile kilipozeeka hakikuwa na warithi wa kutosha. Kashfa na ugomvi wa viongozi vikatia chumvi kwenye kidonda, na mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja.

Ndiyo maana sina subira na mzee anayeniambia vijana wa mtaa wa Kiandutu, Thika, hawana moyo wa kriketi. Wamekosa mahali pa kuonyesha huo moyo. Kati ya Ruiru na Thika kila konde linakatwa ploti za hamsini kwa mia, na hata soka inachezwa pembeni mwa mchanga wa fundi. Anayesema ni damu aende kwa wakala yeyote wa ardhi hapa Juja, amwombe ekari mbili za watoto, kisha asikie jibu.