Nani Aliyejenga Mji "Uliojengeka"?

Mfanyabiashara wa Masisi akishuka Goma kwa siku mbili kuuza maharage na jibini, au wa Walikale akija kununua vitenge na misumari, akirudi nyumbani huulizwa kwanza bei, kisha huulizwa mji. Jibu nimelisikia mara nyingi: "Mji umejengeka." Hapo ndipo zinapoanza habari za maetaji ya Himbi, vioo vya buluu, mageti ya chuma na hoteli za ukingoni mwa Ziwa Kivu.

Simlaumu kwa kushangaa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kufunika hata sehemu ya uwanja wa ndege. Watu walirudi wakajenga juu ya lava ile ile. Fundi anayechonga jiwe jeusi la volkano mpaka likae sawa ukutani ana ujuzi wa kutazamwa, na mimi binafsi ukuta wake hunipendeza kuliko vioo vyote vya kuagizwa.

Ninachobishia ni kitenzi. "Kujengeka" ni kauli ya kutendeka, nasi tuliosoma sarufi tunajua kwamba kauli hiyo haina nafasi ya mtenda. Nyumba huweza kujengwa na fulani. Haiwezi kujengeka na fulani. Msifu wa mji, pasipo kukusudia, amechagua umbo linalomruhusu asimtaje mtu yeyote, na etaji ikaonekana imeota yenyewe kama uyoga baada ya mvua.

Turudishe mtenda mahali pake. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafla duniani, fedha zikapita mikononi mwa wanunuzi wa madini wa Goma, na sehemu yake ikageuka kuta. Rubaya, katika Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia nzima, na wachimbaji wake wengi hulala chini ya maturubai. Kasiteriti ya Bisie, katika Walikale, ilitolewa msituni mgongoni mwa watu, gunia kwa gunia. Ilipofika Kilambo ilipakiwa kwenye ndege ndogo zilizokuwa zikitua juu ya barabara ya lami, kisha ikaruka kwenda Goma. Kipande cha lami walichobahatika kuwa nacho watu wa Walikale kikawa kiwanja cha kuondolea mali yao! Mbao nazo zilitoka katika misitu hiyo hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba si kila etaji ni ya madini. Kweli. Iko ya muuza vitambaa, iko iliyojengwa ili mashirika ya misaada yapange kwa dola. Lakini mashirika hayo yalifuata nini Goma? Kwa sehemu kubwa yaliwafuata watu waliokimbia vita vijijini, Masisi na Walikale wakiwamo. Hata kodi ya nyumba, basi, ina mtenda wake, naye amelala kambini.

Wapo pia wanaosema kila mwenye etaji ni mwizi. Siwaungi mkono, maana wanarahisisha mambo. Mtu aliyepata fedha kwa halali anatafuta mahali pa kuziweka zisipotee, na ukuta wa mjini ni akiba inayoeleweka. Hawezi kuuweka Walikale. Barabara ya kutoka Goma kupitia Masisi ni matope na vizuizi, na mfuko wa saruji ukifika huko umekwisha kulipia vizuizi vyote hivyo. Tangu 2019 Bisie ina mgodi wa kisasa wa bati, wenye mitambo mikubwa. Barabara ya mwananchi bado ni ile ile. Kwa hiyo aliyechuma Walikale hujenga Goma, na ndugu zake waliobaki husubiri mtu arudi safarini awaeleze jinsi mji ulivyojengeka.