Taa Zinazowaka Saa Sita Mchana

Taa ya barabarani ikiwaka mchana kweupe, wapita njia humlaumu aliyesahau kuizima. Hayupo. Juu ya nguzo kuna kihisi cha mwanga: ukinzani wake wa umeme hushuka jua likichomoza, hupanda giza likiingia, na hicho ndicho kinachoamua.

Tabia hiyo ilibainika mwaka 1873, Mwingereza Willoughby Smith alipotumia seleni kupima nyaya za telegrafu za baharini. Jamaa wa kihisi hicho yumo hata kwenye simu ya mkononi, inayojiongezea mwanga ukitoka nje kwenye jua.

Kidude chenyewe ni rahisi. Lakini kifuniko chake kikijaa vumbi, kihisi kinadhani ni usiku, taa inawaka, na bili inapanda. Kabla halmashauri hazijaagiza taa mpya, zimpe fundi ngazi na kitambaa, apande akafute, hasa kwenye barabara za vumbi wakati wa kiangazi.