Kibaba Kina Ukubwa Wake: Maoni kuhusu Muda wa Kujiandaa kwa Mitihani ya Dhamana

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo, naona kuwa sisi wanafunzi tunaitumia vibaya methali hii. Tunaitaja kila tunapotaka kujifariji kwamba nusu saa ya leo na robo saa ya kesho zitatufikisha tuendako. Tunasahau kuwa kibaba ni kipimo. Vibaba vinne ni pishi moja, na mwuzaji nafaka wa zamani alijua chombo chake kinachukua kiasi gani kabla hajaanza kumimina. Asiyejua ukubwa wa chombo hawezi kujua kama haba zake zitakijaza mwaka huu au mwaka wa kesho kutwa.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya hali ninayoiona katika vyuo vyetu vya Kisumu na Maseno. Wapo wanafunzi wa ualimu wanaosoma Kiswahili pamoja na Biashara, ambao wamejisajili pia kwa mitihani ya KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969. Baadhi yao wanafuata uhasibu. Wengine, nikiwemo mimi, tumevutiwa na mtihani wa wachanganuzi wa uwekezaji na fedha, ujulikanao kwa kifupi kama CIFA. Sheria ya mwaka 2015 iliiweka kazi ya wachanganuzi hao chini ya usajili na leseni, na mlango wa kuingilia ni mtihani. Sababu ya kuvutiwa haifichiki. Walimu waliohitimu ni wengi, nafasi za ajira ni chache, na kila mmoja anatafuta mguu wa pili wa kusimamia.

Naomba nikiri kosa langu mwenyewe. Nilijisajili kwa mtihani wa Agosti bila kuangalia kalenda, na kumbe miezi iliyoutangulia ilikuwa ya mazoezi ya ualimu. Niliandika ratiba nzuri ya kupendeza, yenye rangi nne: saa tatu za kusoma kila usiku, Jumatatu hadi Jumapili. Wiki ya kwanza niliifuata. Wiki ya pili nikawa na madaftari ya insha ya kidato cha pili, mia moja na ushei, ya kusahihishwa. Wiki ya tatu umeme ulipotea siku mbili. Kufikia wiki ya tano ratiba ilikuwa pambo la ukutani. Nilianguka. Ada niliyoipoteza ilitoka katika chama cha akina mama ambamo mama yangu huweka akiba yake, na zamu yake ilikuwa imefika baada ya mwaka mzima wa kungoja. Ndiyo maana siwezi kulichukulia suala la ratiba kuwa dogo.

Kosa langu halikuwa uvivu. Nilipanga muda nilioutamani, si muda niliokuwa nao. Taasisi ya kimataifa ya CFA, ambayo mitihani yake inafanana kwa mengi na huu wetu, hupendekeza takriban saa 300 za kujiandaa kwa kila ngazi. Tuitazame hesabu hiyo kwa macho ya mwanafunzi wa hapa. Mitihani ya KASNEB hufanywa mara tatu kwa mwaka, yaani Aprili, Agosti na Desemba. Kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Desemba kuna takriban wiki kumi na nne. Mwanafunzi mwenye mihadhara, kazi za darasani na safari ya matatu kati ya Maseno na mjini akipata saa kumi za kweli kwa wiki, atakuwa na saa 140 tu. Kwa maoni yangu, karatasi moja ya saa tatu inahitaji si chini ya saa sabini za maandalizi, zikiwemo za kujibu maswali ya miaka iliyopita kwa saa mkononi. Kwa hiyo kibaba chake ni karatasi mbili. Anayejisajili kwa nne kwa kuwa rafiki yake amejisajili kwa nne anamimina pishi katika kibaba, na kinachomwagika ni fedha za wazazi.

Ndugu msomaji, mwalimu bora wa jambo hili hayuko mbali nasi. Teremka hadi ufuo wa Dunga uwatazame wavuvi wa omena. Hawa hawaingii ziwani kila usiku kwa kipimo sawa. Omena huvutwa kwa mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi za umeme wa jua, na taa hiyo hushindwa nguvu mwezi unapokuwa mpevu. Kwa hiyo usiku wa giza ndio usiku wa kazi. Mbalamwezi ikitawala, wavuvi hushona nyavu, hurekebisha mashua na kulala. Isitoshe, kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa kwa miezi kadhaa, kwa kawaida kuanzia Aprili hadi Julai, ili samaki wazaane. Mvuvi anaijua kalenda hiyo kabla ya kukopa fedha za taa na nyavu. Kamwe haapi kuvua saa tatu kila siku ya Mungu.

Nasi tuige busara hiyo. Mwanafunzi aandike kwanza siku zake za mbalamwezi: wiki za mitihani ya chuo, mazoezi ya ualimu, mavuno nyumbani, matanga yasiyokwepeka. Siku hizo azipe kazi nyepesi, kama vile kurudia kanuni na istilahi. Kisha atafute usiku wake wa giza, yaani saa ambazo akili iko macho na hakuna anayemwita. Kwa wengi wetu hapa Kisumu saa hizo ni alfajiri, kabla ya joto la mchana kutuzidi. Mvua za jioni huja na radi, na mara nyingi huondoka na umeme. Hatimaye aache wiki mbili za mwisho bila mada mpya. Mvuvi hashoni wavu akiwa tayari katikati ya ziwa.

Sasa niseme lile linalonifanya nililete suala hili katika jarida la Kiswahili badala ya kulipeleka kwa wenzetu wa Idara ya Biashara. Kuna muda ambao hakuna ratiba inayouhesabu, nao ni muda wa lugha. Mtihani huu huandikwa kwa Kiingereza. Mtahiniwa aliyekulia Nyalenda au Mbita husoma sentensi, huitafsiri kichwani, hufikiri, kisha hurudi kuandika jibu. Wengi hukariri fasili wasizozielewa ili kuiruka safari hiyo, na swali likigeuzwa kidogo tu, hupotea. Katika kikundi chetu kidogo tulijaribu jambo jepesi: kila mada tuliyoisoma, mmoja wetu alipaswa kuieleza kwa Kiswahili bila kutazama kitabu. Aliyeshindwa tulijua kuwa hakuelewa, hata kama alikuwa na alama nzuri. Nilipoufanya mtihani mara ya pili, kwa karatasi mbili tu, nilipita zote.

Hapo ndipo tulipogundua pia umaskini wetu wa istilahi. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba unasomea dhamana, atakupa pole akidhani una ndugu aliye rumande. Wenzetu wa Tanzania wana Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Soko la Hisa la Dar es Salaam limekuwa likiendesha biashara tangu mwaka 1998 kwa jina hilo la Kiswahili. Wao husema hatifungani, ilhali wengi wetu husema bondi. Soko letu la Nairobi lilianza mwaka 1954, miaka mingi kabla ya lao, lakini msamiati wake haujatulia midomoni mwetu.

Kuna watakaosema kuwa mtihani ukiwa wa Kiingereza, kusoma kwa Kiswahili ni kupoteza muda uo huo ninaodai kuuokoa. Hoja hii ina uzito, nami sipendekezi mtu aende kujibu kwa Kiswahili. Ninachosema ni kwamba kuelewa hutangulia kujibu. Aidha, leseni haitolewi ili mwenye nayo azungumze na watahini. Mwaka 2008 Wakenya wengi walikimbilia hisa za Safaricom kwa shilingi tano kila moja, baadhi yao kwa mikopo. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imeshuka chini ya hapo, na wengi hawakuwa na wa kuwaeleza kama wauze au wangoje. Mwaka 2017 serikali iliuza hatifungani za M-Akiba kwa simu, kuanzia shilingi 3,000. Mama muuza samaki wa Kibuye aliweza kuikopesha serikali yake kwa kubonyeza simu. Je, nani alimweleza maana ya riba na muda wa kuiva kwa lugha anayoielewa? Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mchanganuzi asiyeweza kumweleza mama huyo ana cheti, lakini kazi yake haijakamilika.

Kwa hivyo natoa rai mbili. Kwanza, chama chetu kianzishe faharasa ndogo ya istilahi za fedha, tukiwaomba wahadhiri wetu waisahihishe. Pili, kila mwanachama anayekusudia kujisajili ahesabu saa zake za kweli kabla ya kulipa ada, amwonyeshe mwenzake hesabu hiyo, na akubali kukosolewa. Haba na haba itajaza kibaba, lakini ni kwa yule tu aliyekwisha kukipima.