Ruta ya faiba ikizima, usikimbilie Kariakoo

Mama mmoja wa Kibaha, mfugaji wa kuku wa mayai mwenye duka la vyakula vya mifugo ubavuni mwa nyumba yake, alinipigia simu hivi karibuni akiwa amekasirika. Kisanduku chake cha intaneti kilizimika usiku wa radi. Kesho yake asubuhi akapanda basi hadi Kariakoo, na muuzaji akamwambia: "Mama, chukua hii ya antena tatu, inashika mpaka kwa jirani." Akalipa, akarudi, akachomeka. Taa zikawaka, jina la waifai likaonekana kwenye simu, lakini hakuna hata ujumbe mmoja uliotoka.

Nilipokwenda kuitazama nilikuta ruta hiyo ina tundu dogo la waya wa simu ya mezani. Ilitengenezwa kwa ajili ya intaneti ya zamani, ile iliyopita kwenye waya wa shaba. Kwake intaneti inaingia kwa faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Ni sawa na mtu kununua pampu ya dizeli wakati shambani ana mota ya umeme.

Nimeona niliandike jambo hili kwa sababu wengi watalikuta siku si nyingi. Eneo la Ruvu linabadilika haraka. Treni ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, Ruvu na Soga zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Kwala imepata bandari kavu, iliyozinduliwa Julai 2025. Viwanja vinapimwa, nyumba zinajengwa, na wauza intaneti nao wanafuata watu. Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) limekuwa likinadi huduma yake ya Faiba Mlangoni Kwako, na kampuni binafsi nazo hazijalala. Upande wa Kisarawe, ukishatoka mjini ukielekea Mzenga na vijiji vya ndani, wengi bado wanategemea laini ya simu, na kwao nitasema neno mbele.

Faiba inapofika nyumbani huishia kwenye kisanduku kinachogeuza mwanga kuwa umeme ambao kompyuta na simu zinaweza kuuelewa. Ruta kazi yake ni kugawa intaneti hiyo kwa vifaa vya nyumbani, kwa waya au kwa waifai. Wapo wateja wenye visanduku viwili, kimoja cha faiba na kingine cha ruta. Wapo wenye kimoja kinachofanya kazi zote mbili. Kabla ya kutoa hata shilingi, mteja ajue yeye yuko kundi gani na kisanduku ni mali ya nani. Mara nyingi kisanduku cha faiba hubaki kuwa mali ya kampuni, na kikifa bila kosa la mteja ni wajibu wake kuuliza mkataba unasemaje kuhusu kubadilishiwa. Mikataba hii huwa tunaisaini tukiwa tumesimama mlangoni, fundi akiwa na haraka ya kwenda kwa mteja mwingine. Itoe kabatini uisome.

Kisanduku cha faiba hakinunuliwi kiholela, hata ukikiona kinafanana kabisa na kile cha zamani. Mtambo wa kampuni hukitambua kila kisanduku kwa namba yake ya pekee, na kisichosajiliwa hunyimwa huduma. Anayekuuzia kimoja mtaani akisema "chomeka tu" anakudanganya, au na yeye hajui.

Kinachoweza kununuliwa dukani na mteja mwenyewe ni ruta. Hata hiyo inunuliwe baada ya kujua ugonjwa uko wapi. Tazama taa za kisanduku cha faiba. Iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki: uzi umekatika, umekunjwa sana au umechomoka. Hapo hakuna ruta duniani itakayokusaidia, piga simu kwa kampuni. Iliyoandikwa PON ikitulia kwa kijani, mwanga unafika, na kama malipo yako hayajaisha basi tatizo huenda liko kwenye ruta au kwenye waya unaoviunganisha visanduku viwili.

Kama hakuna taa hata moja, anza na adapta. Kifaa hiki kidogo cha ukutani ndicho kinachopokea mapigo yote ya umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Uzi wa kioo haupitishi umeme, kwa hiyo radi aghalabu huingia kupitia soketi. Visanduku vingi vya aina hii hutumia volti 12. Adapta mpya iwe na volti zilezile, ampea zilezile au zaidi, na pini inayolingana. Ukiweka yenye ampea pungufu, ruta itawaka na kujizima kila mara, nawe utadhani ni mtandao.

Yule mama adapta yake ndiyo iliyokuwa imekufa. Fundi wa redio wa mtaani kwao aliipima kwa dakika mbili. Kisanduku kilikuwa kizima kabisa! Alipompigia muuzaji wa Kariakoo kuomba kurudisha ile ruta, aliulizwa risiti. Hakuwa nayo, kwani alikubali kupunguziwa bei ili asiandikiwe. Risiti ya EFD wafanyabiashara wadogo tunaiona kama jambo la TRA peke yake, kumbe ndiyo shahidi pekee wa mnunuzi siku ya kudai.

Sasa tuseme ruta imekufa kweli. Hapa ndipo wauzaji huanza kuimba sifa: antena nyingi, waifai ya kizazi cha sita, na tangu 2024 cha saba pia, kasi ya maelfu ya megabiti. Mkulima ajiulize kwanza, kifurushi changu ni cha kasi gani? Ukilipia megabiti 20 kwa sekunde, hizo ndizo zitakazofika, hata ukinunua ruta ya bei ya ng'ombe. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni jumla ya kinadharia ya masafa yote ya ruta, iliyopatikana bila kuta wala umbali. Kwa kifurushi cha namna hiyo, ruta ya kawaida yenye matundu ya waya ya megabiti 100 inatosha. Anayelipia zaidi ya megabiti 100 ndiye anayehitaji ruta yenye matundu ya gigabiti, vinginevyo atakuwa ananunua maji ya bomba la inchi mbili na kuyapitisha kwenye mrija wa soda.

Waifai ya kizazi cha sita ina faida yake pale vifaa vingi vinapotumia mtandao kwa pamoja, mathalani nyumba ya kulala wageni au ofisi yenye simu na kompyuta nyingi. Lakini na simu zenyewe lazima ziwe za kizazi hicho. Familia yenye simu tano, za kawaida, haitaona tofauti kubwa.

Tufanye hesabu kama tunavyofanya kwa pembejeo. Tuchukulie, kwa mfano tu, kuna ruta ya Sh60,000 itakayodumu miaka 2 na nyingine ya Sh150,000 itakayodumu miaka 5. Zote mbili zinakugharimu Sh30,000 kwa mwaka. Lakini ya pili imekufungia Sh90,000 zaidi leo, na kwa mfugaji hiyo ni fedha ya chakula cha kuku inayozunguka kila wiki. Kama hujui radi ya masika ijayo itaangukia wapi, mimi ningechukua ya kwanza, na sehemu ya tofauti ningeiweka kwenye umeme wa akiba.

Umeme wa akiba ndio ninaoona tunaudharau. Ruta nzuri kuliko zote haina maana umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, wakati wanunuzi wa mayai wanatuma oda. Zipo betri ndogo za volti 12 zilizotengenezwa kwa ajili ya ruta. Hakikisha inaweza kulisha visanduku vyote viwili, maana nimeona watu wameilinda ruta na kusahau kisanduku cha faiba, wakabaki na waifai isiyo na intaneti. Wala usitishike na tarakimu za kwenye boksi. Betri iliyoandikwa mAh 10,000, kwa volti 3.7 za seli zake, ina watisaa 37. Visanduku viwili vikila wati 15 kwa pamoja, utapata kama saa mbili hivi. Anayetaka usiku mzima anunue kubwa zaidi au aunganishe kwenye betri ya sola.

Wati hizo 15 zikiwaka usiku na mchana hufanya karibu uniti 11 kwa mwezi. Si nyingi, lakini mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, azihesabu kabla hajajikuta amevuka.

Jambo jingine ni kuta. Nyumba zetu ni za tofali za saruji na bati, na vyote viwili ni adui wa waifai. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, yale ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka mapema. Kwa hiyo ruta yenye masafa yote mawili ndiyo ninayopendekeza kwa mwenye nyumba na duka pamoja. Iwekwe katikati ya nyumba, juu kidogo, penye hewa. Si nyuma ya televisheni wala juu ya friji. Joto la Pwani linaua vifaa hivi taratibu, na sisimizi nao wanapenda sana kuhamia ndani yake.

Kwa banda lililo mbali, usiamini maneno ya antena. Vuta waya wa mtandao wa kutumika nje, usiozidi mita 100, na mwisho wake weka ruta ya pili ya kugawia waifai. Waya huo ni wa shaba, tofauti na faiba, hivyo mvua ya radi ikianza uchomoe pande zote mbili.

Ruta zilizotumika zinazotoka nje ya nchi zina bei ya kuvutia. Nyingine zimefungwa na kampuni za huko na hazikubali mtandao mwingine. Nyingine zina adapta ya volti 110 ya Marekani, ambayo kwenye soketi yetu ya volti 230 hutoa moshi papo hapo. Nyingine ni za zamani mno, watengenezaji wameacha kuzitolea marekebisho ya programu. Hili la mwisho si dogo. Oktoba 2016 mashambulizi ya mtandao yaliyozima tovuti nyingi kubwa za Marekani yalifanywa kwa kutumia maelfu ya kamera, ruta na vifaa vingine vya nyumbani ambavyo wenyewe walikuwa hawajabadilisha neno la siri la kiwandani. Kwa hiyo badilisha neno la siri la waifai na lile la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Kama unawapa wateja waifai dukani, tenga mtandao wa wageni, wasichanganyike na simu inayopokea malipo yako.

Uliza pia kama kifaa kimepata idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na dhamana iandikwe, isiwe ya mdomo.

Kwa wafanyabiashara ambao kukatika kwa mtandao ni hasara ya moja kwa moja, ipo aina ninayoithamini kuliko hizo za kizazi cha sita: ruta yenye tundu la waya kutoka kwenye kisanduku cha faiba na pia nafasi ya laini ya simu. Faiba ikikatwa na katapila linalochimba barabara, ruta inahamia kwenye laini. Kwa ndugu zetu wa ndani ya Kisarawe hii ndiyo ya kununua hata leo, kwani wataanza na laini, na faiba ikifika hawatalazimika kununua nyingine. Ina kikomo chake, hata hivyo. Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku zile mwenye faiba na mwenye laini walilia pamoja, maana njia ya kutoka nje ya nchi ilikuwa ileile. Huduma za fedha za simu kwa kubonyeza nyota na reli hazihitaji intaneti kwenye simu ya mteja, na ni vizuri muuza duka asisahau kuzitumia.

Ruta ya antena tatu haikutupwa. Fundi aliizimia kazi ya kugawa anwani, akaipa anwani yake yenyewe, kisha akaiunganisha na kisanduku cha faiba kwa waya kupitia tundu la kawaida, si lile la simu. Sasa imetundikwa kwenye stoo ya chakula cha kuku, na kijana wa zamu anapokea oda za mayai akiwa bandani.