Si Uvivu Umtoao Mnene Uwanjani

Wengi wetu hudhani kwamba kijana mnene aachapo mazoezi baada ya juma mbili tatu, sababu yake ni uvivu. Maoni yangu ni kwamba dhana hiyo si ya haki, tena yadhuru.

Kwanza na tuutazame mwili wenyewe. Mwenye kilo 90 na mwenye kilo 50 wakipanda kilima kimoja kwa mwendo mmoja, yule wa kwanza huchukua mzigo karibu mara mbili. Moyo wamwenda mbio, joto lamzidi, magoti yamuuma, na mapaja yachubuka kwa kusuguana. Basi mchakamchaka ulio mchezo kwa mwenziwe, kwake ni mateso. Nani atatamani kuyarudia kesho?

Pili ni kicheko. Timu zichaguliwapo, yeye huwa wa mwisho. Akikimbia, hushangiliwa kwa dhihaka. Tena mbio zikiwa ndiyo adhabu ya wakosaji, atazipendaje? Wahenga walinena, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Tatu ni ahadi zisizo kweli. Huambiwa atapungua upesi. Mwezi ukiisha, mizani yaonyesha kilo zile zile, maana mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo tu. Hapo hukata tamaa. Laiti angeambiwa kwamba mazoezi huimarisha moyo, huusaidia mwili kuitumia vema sukari ya damu, na huleta usingizi mwema, hata uzito usipopungua!

Wala wembamba wasijisifu. Shirika la Afya Duniani lashauri vijana wajizoeze wastani wa dakika 60 kila siku. Na kwa hesabu za mwaka 2016, vijana 8 katika kila 10 wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kadiri hiyo.

Basi tufanyeje? Walimu wa michezo na waanze na matembezi, kila mtu ashindane na mwendo wake wa jana, na mbio zisiwe adhabu. Wazazi wasimnyime mmoja soda huku nduguze wakinywa. Nyumba nzima ifuate desturi moja. Nasi wanafunzi, tumwonapo mwenzetu yu nyuma, tupunguze mwendo twende naye. Haba na haba hujaza kibaba.