Lubumbashi: Juu ya nini roboti ya mashindano ni ngumu kujenga?

Kwenye mashindano ya FIRST Global, yaliyoanza Washington mwaka 2017, kila inchi inatuma timu moja ya vijana. Wote wanapewa vifaa vya namna moja: mota, vyuma, batri. Mechi ni dakika 2 na nusu tu. Kwa kuangalia, wote wako sawa.

Lakini usawa huo unaishia kwenye sanduku. Kijana wa Lubumbashi anaandika programu usiku, umeme wa SNEL unakatika, kazi inalala. Kipande kikivunjika, anangojea kitoke mbali. Na mwenye kujaribu mara nyingi ndiye anashinda.

Akili haikosi. Mwaka 2013, Kinshasa ilipata roboti za kuongoza magari, zinazotumia nguvu ya jua, kazi ya mainjinia Wakongomani pamoja na Thérèse Izay. Na kobalti ya batri za simu inatoka Katanga, inapita Kasumbalesa ndani ya malori. Inatoka unga, inarudi batri ya bei kali.

Basi, wakubwa wa masomo na wa kampuni za migodi wajibu: chumba kimoja, vyombo, paneli ya jua na mwalimu, vinashinda nguvu yao?