Jesse James Alimgawia Nani?

Ubishi wa hosteli kuhusu majambazi wa zamani hauishi, na mara nyingi anayeshinda ni yule anayepaza sauti: "Huyo mwana alikuwa anaibia matajiri anawapa maskini!" Hivyo ndivyo anavyosifiwa Jesse James wa Marekani. Haya, tuhesabiane.

Februari 13, 1866, mji wa Liberty, jimbo la Missouri. Watu wenye bastola wanaingia benki mchana kweupe, wanaondoka na kama dola 60,000, zikiwemo hati za dhamana. Wizi huo unahusishwa na wapiganaji wa msituni, wenzake Jesse na kaka yake Frank wa wakati wa vita. Wakitoroka wanafyatua risasi ovyo mtaani na kumuua George Wymore. Nani huyo? Mwanachuo. Alikuwa anasoma William Jewell College, chuo cha hapo hapo mjini. Na kati ya waasisi wa chuo hicho alikuwemo mchungaji Robert James, baba mzazi wa Jesse. Dogo alikuwa barabarani tu. Hakuwa na benki, hakumnyonya mtu.

Familia ya James ilimiliki watumwa. Jesse aliingia vitani akiwa na miaka 16, upande wa Kusini, chini ya Bill Anderson, ambaye kikosi chake Septemba 1864 kiliwashusha kwenye treni pale Centralia askari zaidi ya 20 wasio na silaha, kikawaua. Shule ya kina James ilikuwa hiyo.

Sasa sifa za utetezi wa wanyonge zilitoka wapi? Gazetini. John Newman Edwards, ofisa wa zamani wa jeshi la Kusini, alikuwa mhariri wa Kansas City Times. Mwaka 1872 majambazi walipora fedha za viingilio kwenye maonyesho ya Kansas City, mtoto wa kike akaumizwa, na Edwards akaandika kuwasifu kana kwamba ni mashujaa wa hadithi za kale. Pia alikuwa anachapisha barua za Jesse mwenyewe. Upande wake ulikuwa umeshindwa vita, ulihitaji shujaa. Kwa hiyo tunapobishana usiku kucha tunarudia propaganda ya mtu aliyekuwa na ajenda yake. Maskini aliyegawiwa hata dola moja hajulikani.

Najua jibu: benki na makampuni ya reli yaliwakamua wakulima. Kweli, yalichukiwa, na kulikuwa na sababu. Ila fedha zilizokuwa kwenye sefu za miji midogo zilikuwa za watu walioweka akiba. Bima ya amana ya serikali kuu ya Marekani ilikuja 1933. Piga picha bumu lako la muhula mzima limebebwa, na hakuna wa kukurudishia. Ungemwita mkombozi?

Septemba 7, 1876 genge hilo likafika Northfield, Minnesota. Mhasibu wa benki, Joseph Heywood, ambaye pia alikuwa mtunza hazina wa Carleton College, akagoma kufungua sefu. Wakampiga, wakamtisha, mwisho wakamuua kwa risasi. Mlango wa sefu wala haukuwa umefungwa kwa ufunguo! Heywood aliacha mke na binti mdogo. Wananchi wakachukua bunduki, genge likasambaratika, Jesse na Frank wakaponyoka.

Jesse alikuja kuuawa 1882 na Robert Ford, mtu wa genge lake mwenyewe, aliyetaka zawadi iliyotangazwa. Nyimbo zikamgeuza Ford kuwa msaliti, na Jesse akabaki malaika.

Kila Septemba watu wa Northfield hufanya tamasha, na Heywood hukumbukwa kaburini kwake. Tamasha lenyewe linaitwa Siku za Kushindwa kwa Jesse James. Hata pale aliposhindwa, jina lililo kwenye bango ni lake.